Printa ya lebo ikigoma, lori husubiri

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

LORI la tani kumi lilikuwa limeegeshwa nje ya ghala moja huko Kizota, mjini hapa, tangu saa nne asubuhi. Hadi saa nane mchana dereva alikuwa amekwisha kula, amelala chini ya lori, ameamka na kuanza kudai fedha ya kusubirishwa. Ndani ya ghala madumu ya mafuta ya alizeti yalikuwa yamejazwa, yamefungwa na kupangwa tayari kwa safari ya Dar es Salaam. Kilichokosekana ni lebo 240 tu. Kompyuta ya ofisini ilionyesha kuwa imekwisha kuzituma. Printa, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta hiyo, ilikuwa imewasha taa yake ya kijani na kutulia kana kwamba hakuna aliyeisemesha.

Mwandishi wa ukurasa huu alifika pale kuulizia bei ya mbegu na mashudu kwa ajili ya taarifa ya soko, akaishia kushika tochi nyuma ya meza. Kwa kuwa tatizo hilo hilo tumelikuta kwa wauza unga, kwa wafungashaji wa karanga na hata katika duka moja la dawa, tumeona ni vyema juma hili tupunguze habari za bei na kueleza jambo linalowagharimu wafanyabiashara wadogo wa kanda ya kati fedha ambazo haziandikwi kwenye daftari lolote.

Mnunuzi wa mafuta ya alizeti kandokando ya barabara kuu ya Singida hahitaji lebo. Huinua dumu kwenye jua, akaangalia rangi, akapatana bei. Biashara hiyo ipo na haina ubaya. Lakini mwenye nia ya kuingiza mali yake kwenye rafu za maduka makubwa, iwe Dar es Salaam au hapa hapa Dodoma iliyopandishwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ataulizwa mengine: jina la bidhaa, jina la mzalishaji na mahali alipo, ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na mistari ya bakodi ambayo mwuzaji huipitisha kwenye mwanga mwekundu. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS, mwaka 2019, na afisa wa viwango hatosheki na rangi ya mafuta. Kwa sababu hiyo msindikaji mwenye mashine moja ya kukamua hujikuta analazimika kuwa na kompyuta moja na printa moja ya lebo, na siku hizo mbili zinapoacha kusikilizana, kiwanda kizima husimama.

Pale Kizota fundi alikwisha kuitwa. Alichomoa waya, akachomeka, akazima, akawasha, kisha akatoa hukumu: "Mama, hii imekufa. Hapa ni kununua nyingine tu." Nyingine alikuwa nayo dukani kwake. Hatusemi kuwa fundi yule alikuwa mwongo. Tunasema tu kwamba daktari anayeuza na majeneza husikilizwa kwa tahadhari.

Mwenye ghala, mama mtu mzima aliyeanza biashara hii kwa mashine ya kukamua kwa mkono, hakukubali haraka. "Mwanangu, jana jioni ilichapa vizuri. Imekufa na nini usiku?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko vifaa vyote vilivyokuwa kwenye mkoba wa fundi. Chombo kilichofanya kazi jana na kugoma leo, mara nyingi kuna mtu aliyekigusa kati ya nyakati hizo mbili.

Jambo la kwanza lililofanyika ni kuitenga printa na kompyuta. Karibu kila printa ndogo ya lebo ina kitufe cha kusogeza karatasi. Ukiizima mashine, ukakibonyeza kitufe hicho na kuiwasha huku umekishikilia hadi taa ipepese, kisha ukakiachia, mashine hujichapia yenyewe karatasi ya maelezo yake bila kuhitaji kompyuta hata kidogo. Namna ya kubonyeza hutofautiana kidogo kati ya aina moja na nyingine, na kitabu kinachokuja ndani ya boksi hueleza, kama hakikutupwa pamoja na boksi. Tulipofanya hivyo kikatoka kipande kirefu chenye maandishi meusi tii: aina ya mashine, lugha inayoielewa, ukubwa wa lebo na kadhalika. Mashine iliyokufa haijiandikii wasifu.

Jaribio hilo halimalizi dakika mbili, nalo hukata tatizo katikati. Lisipofaulu, kasoro iko kwenye umeme, karatasi au kichwa cha kuchapia, na hapo mwite fundi wa mashine. Likifaulu, printa ni nzima. Ugonjwa uko njiani au kwa mtumaji. Tunashauri karatasi hiyo ichapwe siku printa inaponunuliwa, na ibandikwe ubavuni mwa meza. Siku ya shida inakuwa shahidi.

Baadaye likaja jaribio la pili, la kuiamuru kompyuta yenyewe ichape ukurasa wake wa majaribio, bila kupitia programu ya mauzo au ya kuchorea lebo. Tulipofungua orodha ya printa ndani ya Windows, siri ikajitokeza. Zilikuwapo printa mbili zenye jina moja, ya pili ikiwa imeongezewa maneno ya Kiingereza "Copy 1". Ya kwanza ilikuwa imefifia na kuandikwa "Offline". Ya pili ilikuwa imekolea, hai, haina kazi yoyote.

Binti wa ofisini akakumbuka. Usiku aliutoa waya wa printa ili achaji simu, na asubuhi akaurudisha, lakini kwenye tundu la jirani.

Hapa inafaa kueleza kidogo, kwani kosa hili ndilo tulilokutana nalo zaidi kuliko mengine yote. Matundu ya USB nyuma ya kompyuta yanafanana kama mapacha, lakini Windows huyapa namba kila moja. Printa nyingi za bei nafuu hazina namba yao pekee inayosomeka na kompyuta, kwa hiyo kompyuta huitambua kwa tundu ilipochomekwa. Ukiihamisha, kompyuta hudhani amekuja mgeni, humfungulia jina jipya, na lile la zamani hulichukulia kuwa ni la msafiri aliyeondoka. Programu ya lebo nayo haina habari. Inaendelea kupeleka mizigo kwenye anwani ya zamani, kama mtu anayeandika barua kwa sanduku la posta la mpangaji aliyekwisha kuhama. Dawa ni mojawapo ya mbili: kurudisha waya kwenye tundu lake la awali, au kuingia kwenye sifa za printa, sehemu ya matundu, na kuweka tiki kwenye lile ambalo mashine imechomekwa sasa. Pale Kizota ilichaguliwa ya kwanza, na kipande cha plasta nyekundu kikabandikwa juu ya tundu.

Lakini kabla ya kurudisha waya yule mama alizuiwa. Binti, kwa hofu ya lori, alikuwa amebonyeza kuchapa mara tano. Mara tano kwa lebo 240 ni lebo 1,200 zilizokuwa zimepanga foleni zikingoja njia ifunguke. Tungechomeka tu, zote zingemwagika, na lebo 960 za ziada zenye namba ya toleo na tarehe ya siku hiyo zingebaki zikizagaa ghalani. Hasara ya karatasi ni ndogo. Hasara kubwa ni pale kijana wa kufungasha atakapoziokota mwezi ujao na kuzibandika kwenye mafuta ya toleo jingine. Siku mteja akirudisha dumu lenye harufu, mzalishaji hatajua limetoka kwenye pipa lipi. Foleni ikafutwa yote kwanza, ikathibitishwa kuwa ni tupu, ndipo ikatumwa kazi moja tu.

Wengine hudhani kuzima na kuwasha kompyuta kunafuta foleni. Hakufuti. Kazi hizo zimeandikwa kwenye diski na huamka pamoja na mashine. Foleni ikigoma kufutwa kwa kawaida, inabidi kuisimamisha huduma ya uchapaji ndani ya Windows, kufuta mafaili yaliyomo kwenye folda yake, kisha kuianzisha upya. Mtu anayejua kompyuta wastani hulifanya hilo kwa dakika tano. Asiyejua amwombe anayejua, na akae karibu aone.

Lori liliondoka saa kumi kasorobo.

Si kila kisa huwa cha tundu. Wenye printa za kutumia mtandao wa ndani, wa waya au wa hewani, wanalo tatizo lao, na chanzo chake mara nyingi ni kukatika kwa umeme. Kila kifaa kwenye mtandao hupewa anwani ya namba na ruta, na ruta huigawa upya kadiri vifaa vinavyowaka. Umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kuamka ikiwa na namba tofauti na ya jana, huku kompyuta ikiendelea kutuma kwa ile ya zamani. Ile karatasi ya maelezo tuliyoitaja huonyesha anwani ya sasa; linganisha na iliyoandikwa kwenye kompyuta. Zikitofautiana, umempata mwizi. Dawa ya kudumu ni kuipa printa namba isiyobadilika, ama ndani ya printa yenyewe au kwenye ruta.

Kuna na hili, ambalo linachekesha mpaka likukute. Bando la ofisi likiisha, karani huunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake ili atume barua au atoe ankara. Kuanzia hapo kompyuta iko kwenye mtandao wa simu na printa iko kwenye mtandao wa ruta. Ni watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja akiwa na simu ya kampuni yake na wote hawana salio la kupigiana. Kila kitu kinaonekana kizima, na hakuna kinachochapwa.

Wenye mizani ya kielektroniki iliyofungwa na printa, kama wafungashaji wa nafaka wanaochukua mzigo Kibaigwa, bado hutumia njia ya kale ya waya wa siriali, wenye kichwa cha pini tisa. Njia hii ni imara na vumbi haliitishi, ila pande zote mbili ni lazima zikubaliane mambo manne kabla ya kuanza kuzungumza: kasi, idadi ya biti, ukaguzi wa usawa na alama ya kituo. Kilichozoeleka ni kasi ya 9600, biti 8, bila ukaguzi, kituo 1, lakini usikisie, soma. Dalili zake zinatofautiana, na mwenye jicho huzitambua. Yakitoka maandishi ya ajabu yasiyosomeka, kasi hazilingani. Zikitoka lebo za mwanzo vizuri na zinazofuata zikaanza kukosa mistari au tarakimu, kasi ni sawa ila printa haina namna ya kumwambia mwenzake "ngoja kwanza," kwani kumbukumbu yake imejaa. Hapo panarekebishwa udhibiti wa mtiririko. Lisipotoka lolote, huenda waya ni wa aina isiyovuka, yaani pande zote mbili zinasema kwenye uzi mmoja na kusikiliza kwenye uzi mmoja.

Kwa kompyuta za leo zisizo na tundu la siriali, watu hununua kiunganishi cha kugeuza USB. Kinafaa, lakini nacho hubadilisha namba ya tundu kikihamishwa, leo COM3 kesho COM5, na programu ya mizani inabaki inapiga hodi nyumba isiyo na mtu.

Ugonjwa mwingine huwatisha watu bure. Lebo inatoka, lakini badala ya jina la bidhaa imejaa alama kama ^XA, ^FO na tarakimu ovyo. Hiyo si printa iliyopagawa. Printa za lebo zina lugha zao: Zebra inayo yake iitwayo ZPL, TSC inayo TSPL, na printa za risiti kwa kawaida husema ESC/POS. Amri ya kufungua lebo kwa ZPL ni hiyo ^XA. Ikichapwa kama ilivyo, maana yake kompyuta inatoa amri kwa lugha ambayo printa haiielewi, nayo inayachukulia maneno hayo kuwa ndiyo ya kuandikwa. Sababu kubwa ni draiva isiyo yake, yaani ile programu ndogo inayomfundisha kompyuta kuongea na printa. Fundi aliweka iliyokuwa karibu. Weka ya mtengenezaji wa mashine hiyo hiyo, na uitunze kwenye flashi, kwa kuwa siku utakayoihitaji ndiyo siku intaneti itakuwa haipo.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawatahadharisha wanaoshauriwa kununua printa ya risiti ili waichapie lebo kwa kuwa bei yake ni ndogo. Mashine nyingi za namna hiyo hazina jicho la kuona nafasi kati ya lebo na lebo. Huchapa moja kwa moja kama risiti, na baada ya lebo chache maandishi huanza kupanda juu ya mpaka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nchi yetu hii ya kati. Yapo matatizo yanayojifanya ya mawasiliano kumbe ni ya vumbi na umeme. Upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma hapa, vumbi huingia hadi kwenye sukari, na jicho la printa ni dogo kuliko punje ya uwele. Likifunikwa, mashine haioni mwisho wa lebo. Husukuma karatasi tupu tatu au nne, huwasha taa nyekundu na kukataa amri, na kompyuta hutangaza kuwa mawasiliano yamekatika. Ifungue, ipulize, ifute taratibu kwa kitambaa laini chenye spiriti ikiwa imezimwa na kupoa, kisha uifanyie upimaji upya ili izoee ukubwa wa lebo zilizomo. Upimaji huo unatakiwa pia kila unapobadilisha aina ya roli. Pasipo kufanya hivyo, mashine inaweza kuruka lebo moja kila inapochapa moja. Roli la lebo 1,000 linakupa 500, na huo ni mtaji unaotupwa kwenye ndoo.

Umeme nao una hila. Kichwa cha kuchapia huvuta nguvu nyingi pale kinapochoma sehemu kubwa nyeusi kwa mkupuo. Adapta ikiwa ya kuazima, au umeme wa mtaa ukiwa umeshuka, printa hujizima na kujiwasha katikati ya lebo. Anayetazama kompyuta ataona tu kwamba printa imepotea na kurudi. Ikiwa lebo yenye maandishi machache hupita na yenye nembo kubwa nyeusi hukwama, usihangaike na waya wa kompyuta, tazama adapta.

Na lipo la aibu, ambalo wengi wamelifanya na wachache wanakiri. Roli limewekwa kinyumenyume. Karatasi ya joto huchapika upande mmoja tu. Ikwaruze kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaotazama kichwa. Tukiwa hapo tuongeze kwamba karatasi hiyo isiyotumia utepe wa wino ni ile ile ya jamii ya risiti za EFD, ambazo kila mfanyabiashara ameziona zikififia kwenye pochi. Dumu linalopangwa juani Dodoma kwa wiki kadhaa litakuwa na lebo nyeupe. Kwa bidhaa inayokaa rafuni miezi, printa ya kutumia utepe ni ghali zaidi kwa kuanzia, lakini haikuletei kesi ya tarehe isiyosomeka.

Tulidhani habari ya Kizota imeishia pale lori lilipoondoka. Siku tatu baadaye yule mama akapiga simu. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa amepokea mzigo, lakini mashine ya kaunta ilikuwa ikisoma baadhi ya madumu na kuyakataa mengine, na msimamizi alitaka kuyarudisha. Namba ilikuwa halali, imeanza na 620, ambayo ni ya GS1 Tanzania. Kompyuta na printa zilikuwa zimepatana. Kasoro ilikuwa kwenye vipimo.

Printa nyingi ndogo zina nukta 203 kwa inchi, sawasawa na nukta 8 kwa milimita. Nukta moja ni milimita 0.125. Bakodi ya kawaida ya tarakimu 13 hutaka mstari wake mwembamba kabisa uwe na milimita 0.33, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 ya hapo. Lakini printa haiwezi kuchapa nukta mbili na robo tatu. Ukiiachia programu ya kuchorea ivute picha ya bakodi mpaka itoshee, baadhi ya mistari hupata nukta mbili na mingine tatu. Kwa jicho inapendeza, kwa mashine ya kaunta ni bahati nasibu. Nukta mbili kote ni milimita 0.25, chini ya kiwango. Nukta tatu kote ni 0.375, inakubalika. Ila bakodi nzima ina sehemu 113 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni ambazo hazitakiwi kuguswa, hivyo kwa nukta tatu upana wake ni zaidi ya milimita 42. Maroli ya yule mama yalikuwa ya milimita 40.

Mwenye printa ya nukta 300 angeweza kupita: nukta nne kwa mstari humpa kama milimita 0.34, na bakodi nzima huwa milimita 38 na kidogo. Yeye hakuwa nayo. Aliagiza maroli ya milimita 50, na bakodi ikaandikwa upya kwa amri ya printa yenyewe, si kama picha iliyovutwa. Lebo mpya zilipelekwa Dar es Salaam kwa basi la usiku, zikabandikwa huko huko juu ya zile za zamani, kwa gharama yake. Maroli ya milimita 40 yaliyobaki anayatumia kwenye magunia ya mashudu, ambayo wafugaji hununua kwa uzito na hakuna anayeyapitisha kwenye mwanga wowote.